Ufa Chini ya Nyumba ya Rosalie

Benchi yetu iko Kirotshe, mbele ya mashini ya kushona ya Papa Paul. Huu ni mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na tano. Kahawa inachemka ndani ya sufuria moja, mwenye kuchelewa anakunywa machicha. Tuko wane: mimi; Sebarenzi, tunamuita Avoka kwa sababu anabisha kama wakili; Nzabandora, tunamuita Injeniere kwa sababu alimubebea Muzungu mupima mawe waya siku tatu; na mukatekista Isidore, jina lake Saa-Sita. Anapiga ngoma ya sala ya Angelus saa sita kamili, hata mvua ya mawe ikinyesha. Leo kahawa haina ladha. Muzungu amesema jiwe la kando ya ziwa liko na ufa, sawasawa chini ya nyumba ya Mama Rosalie, mujane wetu. Jumamosi nyumba itabomolewa.

AVOKA: Ufa aliuona namna gani? Alichimba?

INJENIERE: Wapi! Alipasua baruti, mutetemo ukapita ndani ya jiwe. Vyuma tulivyopanda kwa udongo vikasikia, mashini ikaandika kwa karatasi. Pale mustari unarukaruka, njo ufa.

AVOKA: Basi ni ziwa. Linakula jiwe polepole.

INJENIERE: Ziwa gani? Ufa unatoka volkano, unafika mupaka Walikale. Watu wa kule Ntoto wakichoma nyama, moshi utatokea hapa chini ya benchi.

SAA-SITA: Mimi nasema unafika Roma. Muzungu alipoona karatasi, alitoa kofia.

Hapo Mama Rosalie akafika, mukeka kichwani.

— Papa zangu, nakuja kuaga. Naenda Karuba kwa kaka yangu. Ile nyumba marehemu aliijenga kwa mikono yake. Inaniuma sana.

Tukamupa nafasi. Akakataa kukaa.

— Papa Injeniere, vile vyuma vinasikia baruti tu?

— Vinasikia kila kitu, mama. Hata muguu wa mbuzi! Njo Muzungu alikataza watu kutembea.

— Baruti ilipasuka saa ngapi?

— Saa sita kamili.

— Na ngoma, iliyo hatua tano na mulango wangu, vyuma havikuisikia?

Sisi wote tukamuangalia mukatekista.

— Alisema tusitembee, akasema Saa-Sita. Mimi sikutembea. Nilisimama, nikapiga.

Hakuna aliyecheka. Saa-Sita akaweka kikombe chini, kahawa ingali nusu, akashuka mbio kwenye hema ya Muzungu kumuambia apime tena. Mama Rosalie akatua mukeka, akakaa kwa nafasi ya mukatekista.

Siku ile, Kirotshe, saa sita ilipita bila ngoma.