Mita Nane za Thyra

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi. Kama kahawa imeiva, imimineni sasa, maana leo sitaki mtu ainuke katikati. Tunamkumbuka Thyra Nørbygaard wa hapa Hvideklint. Thyra, mwalimu wa hesabu kwa miaka thelathini na sita. Thyra, mwenyekiti wa kamati ya majengo ya kanisa letu. Tulimzika Jumamosi, akiwa na miaka sabini na tisa. Mahali tulipomzika ndipo ilipo habari yangu yote, na nitafika huko.

Alinifundisha na mimi. Daftari langu lilikuwa likirudi limejaa wino mwekundu, na sikuwahi kumwona akimsamehe mtu kosa la hesabu. Nyumbani alikuwa mwingine. Aliolewa na Laurids, seremala mpole aliyechelewa kila mahali, hata kwenye harusi yake mwenyewe. Laurids alipofariki, alizikwa upande wa baharini wa makaburi. Jiwe lake lilichongwa majina mawili, la Thyra likisubiri tarehe tu.

Alipostaafu, baraza la usharika lilimpa kazi. Aandae mpango wa majengo wa miaka thelathini. Paa la kanisa, mnara, nyumba ya mchungaji, na kubwa kuliko yote, ukumbi mpya wa usharika, wenye madirisha mapana yanayotazama bahari. Ukumbi huo ungejengwa kwenye malisho, kati ya ukuta wa makaburi na genge la ukingo wa bahari. Thyra aliufanyia kazi mpango ule miaka saba. Michoro yake ilining'inia kwenye ukumbi wa zamani mpaka ikafifia kwa jua.

Sasa, bahari inalila genge letu, hilo hata mtoto anajua. Kwa hiyo kila mwezi wa Mei, baraza linapofanya ukaguzi wa majengo, huzunguka lote kwa miguu, hugonga kuta, huchungulia mifereji ya paa, halafu hupima genge. Tangu zamani hupimwa hivi: kutoka ua wa waya mpaka ukingoni. Thyra alikuwa akishika tepu. Kila mwaka aliandika kitabuni: mita nane. Mara kumi na moja aliandika mita nane, naye alituambia genge limetulia. Nani angembishia mwalimu wa hesabu?

Ikafika Mei ile ya kuupigia kura mpango wake. Ukaguzi saa tisa alasiri, mkutano wa usharika saa kumi, na trekta la kuchimbia msingi lilikuwa limeshaegeshwa kando ya barabara. Upepo ulikuwa mkali. Mtu wa kushika ncha ya tepu ukingoni aliumwa mgongo, basi Thyra akaruka ua mwenyewe. Mguu wake ukazama kwenye shimo.

Akainama. Shimo lilikuwa la mviringo, limefukiwa udongo laini. Akaona jingine pembeni yake, na jingine tena, yamejipanga mstari mmoja. Mbele yake kidogo kulikuwa na mstari mwingine. Akahesabu safu tano za mashimo, moja mbele ya nyingine, mpaka ukingoni.

Akamwita Kresten, mlinzi wetu wa makaburi, mtu nadhifu anayepiga pasi hata nguo za kazi.

"Kresten, mashimo haya ni ya nini?"

"Ya nguzo."

"Nguzo zipi?"

"Si ndizo hizi za ua. Kila Aprili nazirudisha nyuma. Baraza lilisema ua ukae mita nane kutoka ukingoni, watoto wasije wakatumbukia."

"Kwa nini hukuniambia?"

Kresten akafikiri. "Hukuniuliza."

Wasikilizaji, sisi ndio watu wa hivyo. Mtu anafanya kazi yake sawasawa miaka kumi na moja, na haoni sababu ya kumsumbua mwenziwe kwa maneno. Ua ulikuwa unasogea pamoja na genge. Thyra alikuwa akipima ua, hakuwa akipima bahari.

Ilibaki nusu saa. Thyra akavuta tepu upya, safari hii kutoka ukuta wa kanisa, ambao hausogei. Mchoro wa mwaka alioanza kupima ulionyesha mita sitini na moja mpaka ukingoni. Tepu ikasema arobaini na nne. Mita kumi na saba zimekwenda. Kresten anasema alimwona akipiga hesabu nyuma ya kitabu cha ukaguzi, halafu akaipiga tena. Alikuwa ametuandalia mpango wa miaka thelathini. Kanisa lenyewe lilikuwa limebakiza ishirini na minane.

Angeweza kunyamaza. Fikirini hilo. Hakuna aliyejua ila yeye na Kresten, na Kresten haulizwi, hasemi. Ukumbi ungejengwa, ungefunguliwa kwa nyimbo, na jina lake lingewekwa mlangoni. Yeye angekuwa ameshakufa kabla ufa wa kwanza haujatokea.

Saa kumi tulikuwa tumejaa kwenye ukumbi wa zamani, keki zimekatwa. Thyra akasimama. Nilikuwa safu ya pili, na nilimwona amepauka kama chaki. Akasema mpango wake ni mbaya na akaomba tuukatae.

Na mimi, mdomo wangu huu unaowaburudisha asubuhi, nikasema, "Yaani miaka saba tumekunywa kahawa bure?"

Watu wakacheka. Thyra akanitazama vilevile alivyonitazama nikiwa na miaka kumi.

"Haikuwa bure, Mogens. Wewe umekula vipande vinne vya keki leo tu." Kicheko kikahamia kwangu. Halafu akasema taratibu, "Na mtu asimlaumu Kresten. Namba ile niliiandika mimi. Mara kumi na moja."

Akaondoa michoro yake ukutani, karatasi moja moja, mbele yetu. Hakuna aliyeinuka kumsaidia. Naona aibu kulisema hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Akaanza upya. Mpango wa pili ulihamisha kila kitu ng'ambo ya barabara, ukumbi na mnara, na mwisho kanisa lenyewe, jiwe kwa jiwe. Lakini makaburi kwanza. Uwanja mpya ulitayarishwa kwenye lile lililokuwa shamba la viazi. Ua ukapandwa, njia zikamwagwa changarawe. Miaka tisa ukakaa mtupu. Kila aliyekufa, watu wake walitaka upande wa baharini, kwa wazee wao. Baraza lilituandikia barua, familia kwa familia, kuomba ridhaa ya kuwahamisha wetu. Yangu ilihusu mama. Nilijibu dukani, watu wakisikia, kwamba mama yangu si kiazi. Barua nikaitia kwenye droo ya visu.

Mwezi uliopita Thyra alimwita binti yake, Birgitte, kando ya kitanda. Birgitte ameniruhusu niwaambie walivyozungumza.

"Mniweke ng'ambo," alisema.

"Mama, jina lako liko kwenye jiwe la baba. Utamwacha peke yake?"

"Lazima mtu aanze. Baba yako atanifuata tu. Hajawahi kuwahi popote."

Birgitte anasema alikasirika, akatoka akaenda jikoni, akalia huku akiosha vikombe vilivyokwishaoshwa.

Kwa Birgitte na watoto wake, poleni sana. Poleni na nyinyi mliofundishwa naye, hata tuliofeli. Kresten, pole, rafiki. Najua ulimchimbia wewe, na najua ulipima mara mbili. Na sisi tuliobaki, kila mtu nyumbani kwake aulize: ua wangu mimi, umekuwa ukisogea?

Jumamosi Thyra alilala peke yake kwenye uwanja ule mpana, kaburi moja tu, na upepo. Sikupata usingizi. Leo alfajiri nimeitoa ile barua kwenye droo ya visu, imekunjamana na ina harufu ya kitunguu, nikaitia sahihi. Nimeomba mama awekwe mkono wa kushoto wa Thyra. Kresten ameniambia mimi si wa kwanza. Tangu Jumapili, zimefika barua kumi na moja.