Winchi Aliangukaje?

WINCHI: Haloo, haloo! Umempata Winchi mwenyewe, fundi chuma asiyevunjika mara mbili! Nani mwenzangu?

DADA: Mwenzako ni yule aliyekubeba mgongoni ukamng'oa nywele zote za kisogoni. Kwani namba yangu umeifuta?

WINCHI: Dada! Aa, shikamoo. Kioo cha simu kimepasuka, majina siyaoni kabisa.

DADA: Marahaba. Mkono vipi?

WINCHI: Mkono gani?

DADA: Winchi, usini—

WINCHI: Aa, huu! Huu ulishapona zamani. Umeunga kama reli. Daktari kaitazama ile picha ya eksirei, akawaita na wenzake waje waone mfupa wa kiume. Jumatatu narudi karakanani. Tuna mageti mawili ya ukumbi, wananisubiri mimi niyasimamishe.

DADA: Daktari kasema urudi?

WINCHI: Kwa mdomo wake.

DADA: Mdomo upi? Maana huyu niliyetoka chumbani kwake sasa hivi ana mmoja tu, na hajasema hivyo.

WINCHI: Haloo? Haloo? Mtandao huu... Dada, unakatika—

DADA: Sikatiki. Nakusikia mpaka unavyomeza mate.

WINCHI: Sasa wewe hospitali umefuata nini?

DADA: Nimekufuata wewe usiyefuatika! Daktari amekupigia juzi, jana, na leo asubuhi. Hupokei. Siku ulipofungwa plasta uliwapa namba yangu, eti mtu wa karibu. Haya, mtu wa karibu kaitwa. Nimeacha cherehani na suruali ya mteja ina mguu mmoja.

WINCHI: Namba ngeni sipokei. Matapeli wamezidi.

DADA: Umejuaje ni ngeni, na majina huyaoni?

WINCHI: ...Nilihisi tu. Na yako niliihisi. Damu, Dada. Damu inajuana.

DADA: Ehe! Kwenye damu hapo hapo ndiko ninakokwenda. Kaa chini.

WINCHI: Nimekaa.

DADA: Nyumbani uko na nani?

WINCHI: Peke yangu. Wifi yako kazini. Mama mkwe yupo bado, alikuja kumsaidia na mtoto, lakini katoka naye kliniki. Sema.

DADA: Mfupa haujaunga.

WINCHI: Umechelewa kidogo tu, ni hii baridi ya—

DADA: Haujaunga, Winchi. Nimeonyeshwa hiyo picha. Pale ulipovunjika pako wazi vilevile, na mfupa wenyewe umekaa kama ubao ulioliwa na mchwa. Hata mimi fundi nguo nimeona. Wakapima damu, wakakuta kalsiamu imejaa kupita kiasi.

WINCHI: Si ndiyo vizuri? Kalsiamu si ndiyo mfupa wenyewe? Mwambie nimejaa mfupa mpaka kwenye damu!

DADA: Mjinga wewe. Imejaa kwenye damu kwa sababu imehama kwenye mifupa. Shingoni, nyuma ya koo, una vitezi vinne vidogo kama punje. Kazi yake kulinda kiasi cha kalsiamu. Anasema kimoja yaelekea kimevimba, kimejifanya mbabe. Kinaiamrisha mifupa itoe, itoe, itoe tu, kila siku ya Mungu.

WINCHI: Kimoja?

DADA: Kimoja.

WINCHI: Mimi, mwanamume mwenye shingo ya kupitishia shati kwa shida, nipigwe na punje? Mwambie huyo daktari akapime tena. Kachanganya damu yangu na ya bibi wa watu.

DADA: Ndiyo maana unakunywa maji jagi zima, na msalani hukauki. Ndiyo maana mwaka jana ulipata vijiwe kwenye figo, ukalia mpaka—

WINCHI: Sikulia. Niliimba kwa sauti ya juu.

DADA: —mpaka majirani wakaja. Ndiyo maana ukirudi kazini unalala na viatu.

WINCHI: Nalala na viatu kwa sababu nachoka, nachoka kwa sababu nafanya kazi! Mtu akichoka ni tezi? Basi mtaa mzima huu una tezi, na bosi wangu ndiye mgonjwa pekee aliyepona.

[mtandao unakwaruza]

DADA: —unasikia? Haloo?

WINCHI: Nipo.

DADA: Acha utani sasa. Daktari anaondoka, nimemzuia mlangoni kwake. Anataka kitu kimoja tu kutoka kwako, ndiyo alikuwa anakupigia. Huo mkono ulivunjikaje?

WINCHI: Nilimwambia siku ile ile.

DADA: Niambie mimi.

WINCHI: Dada, unaijua hii habari, umeisimulia hata kwa wateja wako. Nilikuwa juu ya jukwaa, tunapandisha kenchi ya paa. Chuma kitupu. Kamba ikateleza. Chini kasimama fundi mwenzangu anajikuna sikio, hajui kwamba maisha yake yamekwisha. Nikajirusha. Nikaidaka kenchi hewani kwa mkono huu, nikaisukuma kando, nikashuka nayo mpaka chini. Yule bwana mpaka leo akiniona ananiamkia.

DADA: Hospitali ulisema uliteleza ukaanguka. Kwa shangazi, upepo ulikusukuma. Kwa mwanangu, ulipigana na fahali.

WINCHI: Mwanao alitaka hadithi. Kumwambia mtoto habari ya kenchi ni kumnyima utoto.

DADA: Na hilo jukwaa nalo linakua. Mwanzo lilikuwa la kimo cha mlango. Siku hizi ukiwa juu yake unaona nchi jirani.

WINCHI: Lilikuwa refu, Dada. Refu.

DADA: Nimempigia bosi wako nikiwa njiani. Anasema siku ile karakana ilifungwa, hakukuwa na umeme.

WINCHI: Ndiyo. Kilikuwa kibarua cha pembeni.

DADA: Cha nani?

WINCHI: Cha mzee mmoja.

DADA: Mzee gani?

WINCHI: Amehama.

DADA: Amehama na paa lake?

WINCHI: Dada, unanihoji kama nimeiba! Mkono wangu, plasta yangu, nimevunjika mwenyewe! Kwani kuna tofauti gani nimeanguka kutoka juu au nimeanguka kutoka wapi?

DADA: Tofauti ipo, na ndiyo imenikalisha kwenye benchi hili tangu saa nne! Sikiliza. Anasema kama uliporomoka kutoka juu hivyo, mfupa wowote ungevunjika, hata wa tembo. Basi atangoja, damu ataipima tena baadaye. Lakini kama ulivunjika kwa kitu kidogo, kitu cha kawaida, basi mifupa yako yote imeshaliwa. Mpaka uti wa mgongo. Hapo hangoji. Unapigwa picha ya shingo kesho, kile kitezi kikionekana kinatolewa. Na kubeba chochote kizito, mwiko. Jumatatu ukiinua hilo geti, mgongo unaweza kubonyea kama kopo. Winchi?

WINCHI: Nipo.

DADA: Sasa niambie. Ni kitu kikubwa au kidogo?

WINCHI: Kikubwa.

DADA: Mdogo wangu...

WINCHI: Kikubwa, nimesema! Sasa nisikilize na mimi. Mtu aliyeanguka kutoka juu ni mtu aliyeanguka, basi. Anainuka, anajikung'uta, anaendelea. Watu wanamnunulia soda. Lakini mtu mwenye mifupa ya mchwa, yule watu wanamwachia kiti. Wanamwambia kaa, kaa, usijisumbue. Mimi karakana nzima wananiita Winchi. Injini ya lori ikigoma kutoka hawatafuti mnyororo, wananitafuta mimi. Leo niingie pale niseme nini? Jamani, nishikieni nyundo, kuna punje imenikataza? Sitaki! Kama ni kuvunjika, nivunjike nimesimama!

DADA: Utavunjika umekaa! Ndiyo anachosema daktari! Umekaa kwenye kiti, unapiga chafya, unavunjika! Nani atakununulia soda kwa chafya?

WINCHI: Siwezi kuvunjwa na chafya.

DADA: Umevunjwa na nini?

WINCHI: Na kenchi!

DADA: [sauti iko mbali na simu] Samahani, daktari, dakika moja tu, anakaribia kusema ukweli... [inarudi] Ameshavaa koti, ameshika funguo. Na simu yangu imeanza kulia, salio linakwisha. Winchi, nakuomba. Baba alikuacha mikononi mwangu.

WINCHI: Usimwingize Baba.

DADA: Namwingiza!

WINCHI: Haya, kama mimi huniamini, shahidi yupo. Mama mkwe. Mtu mzima, mcha Mungu, hajawahi kusema uongo hata kwa mpiga ramli. Yeye ndiye aliyeniona naletwa na watu, wamenibeba. Muulize yeye siku yoyote.

DADA: Siku ni leo. Atarudi saa ngapi?

WINCHI: Kliniki unaijua, foleni mpaka—

MAMA MKWE: Nimerudi zamani, mwanangu.

[kitu kinaanguka]

WINCHI: Mama! Karibu. Dada hapa alikuwa anakusalimu tu, ngoja nikate usi—

MAMA MKWE: Usikate. Leta simu.

WINCHI: Mama, mimi na wewe tulikubaliana.

MAMA MKWE: Tulikubaliana habari ya aibu. Habari ya mgongo hatukukubaliana. Umeiweka simu spika kwa kuwa mkono huna, mimi nimesimama mlangoni na mjukuu amelala hapa, yote nimeyasikia. Leta.

DADA: Shikamoo, mama.

MAMA MKWE: Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko? Watoto?

DADA: Hawajambo, mama. Samahani sana, salio linakatika na daktari anaondoka. Huo mkono ulivunjikaje?

MAMA MKWE: Tulikuwa tunakamua blanketi.

[mtandao unakwaruza]

DADA: Sijasikia vizuri, mama. Unasema tulikuwa tuna...?

MAMA MKWE: Blanketi. Uani. Blanketi la mtoto, alikuwa amelikojolea.

DADA: Wewe na yeye?

WINCHI: Nilikuwa namsaidia! Mtu mzima anafua peke yake, mimi nikae namwangalia?

MAMA MKWE: Nilimkatalia. Nikamwambia baba, acha, si kazi ya wewe na mimi. Akasema mama, leo utaona nguvu za mume wa binti yako. Basi akashika ncha ile, mimi hii. Mimi nikazungusha huku, yeye kule. Sikutia nguvu, nilishika kama nilivyoshika hii simu. Nikasikia ka! Nikadhani kamba ya kuanikia imekatika. Kutazama, amekaa chini kwenye maji ya sabuni, mkono umepinda. Hakulia. Akaniambia mama, nakupigia magoti, usimwambie mtu yeyote.

WINCHI: Mama, basi.

MAMA MKWE: Sijamaliza. Nikanyamaza, kwa sababu na mimi nilikuwa naogopa. Tangu siku ile mjukuu akilia namwita mama yake aje ambebe. Leo tu nimembeba kliniki, kwa kuwa hakuna mwingine, na njia nzima natetemeka. Usiku nazitazama hizi kucha, hivi vidole, nasema mikono hii imezoea jembe, imemvunja mume wa binti yangu. Sasa nasikia habari ya kitezi. Mwanangu, niulizie kwa daktari. Ni kitezi, au ni mimi?

WINCHI: Mama... hukuniambia.

MAMA MKWE: Ungenisikia wapi? Ulikuwa juu ya jukwaa.

DADA: [sauti imepungua] Si wewe, mama.

MAMA MKWE: Muulize yeye.

DADA: [mbali na simu] Daktari, ni blanketi. Walikuwa wanakamua blanketi... Ndiyo. La mtoto... Huyu ndiye aliyeshika upande wa pili, anauliza kama ni yeye... [inarudi] Mama, anavua koti. Amerudi kukaa. Anasema hata mtoto angeshika upande ule, mkono ungevunjika. Si mikono yako. Umesikia? Si mikono yako.

MAMA MKWE: Nimesikia.

DADA: Anasema kesho asubuhi mlete, na njiani asibebe hata kijiko.

MAMA MKWE: Nitamleta.

WINCHI: Siletwi! Mimi si mzigo. Nitakuja kwa miguu yangu, na mtu asinishike kiwiko, na mtu asinipe kiti. Na hicho kitezi kikitolewa, mwambie daktari asikitupe. Nakitaka. Nataka tutazamane, mimi na yeye, tuone nani winchi.

DADA: Na Jumatatu? Mageti?

WINCHI: ...Mageti yatanisubiri. Yamezoea kusimama.

DADA: Winchi wangu. Haya, simu inalia, inakata sasa hivi. Namwambia daktari afute ile kenchi, aandike kwenye faili blanketi la mtoto—

WINCHI: Asiandike la mtoto! Dada! Wanasoma wale manesi! Aandike blanketi tu. Na aandike lilikuwa limelowa! Limelowa chapachapa, zito, Dada, blanketi likilowa lile ni kama—

MAMA MKWE: Tulikuwa tunalikamua mara ya pili. Maji yalishaisha.

[simu inakatika]