Mama Geji na Barua Chini ya Mguu wa Meza

Ijumaa, tarehe thelathini mwezi huu, mkuu wa kitengo cha upimaji wa visima, ambaye sote tunamwita Mama Geji, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuitumikia kampuni yetu ya jotoardhi. Kamati ya sherehe imenipa mimi, ofisa utumishi, kazi ya kuandika wasifu wake. Nadhani wamefanya makusudi, maana katika safari yake yote ya kupanda vyeo kikwazo cha kwanza nilikuwa mimi.

Alianza kama mpishi wa kambi ya wachimbaji, enzi hizo tukiwa na kisima kimoja, jenereta moja na kiti kimoja kizuri, ambacho nilikikalia mimi. Kila asubuhi aliwapelekea wapimaji chai, na wakati wakinywa yeye aliwauliza kwa nini mshale wa geji, kile kipimo cha shinikizo la mvuke, umesogea, kwa nini sehemu hii ya kisima ina joto kuliko ile. Baada ya miaka minane ya maswali akaomba kuhamia kitengo chao. Barua ya kumkatalia niliiandika mwenyewe. Nilisema hatuoni kwake dalili za kukua katika fani hii. Fani yenyewe nilikuwa siijui hata kidogo. Siku hizo nilidhani mvuke huchotwa kwa ndoo.

Miezi michache baadaye kisima cha pili kikamalizika kuchimbwa, kikakaa kimya. Geji ilisoma sifuri. Mpimaji pekee tuliyekuwa naye wakati huo alikuwa amelazwa hospitalini, na aliyebaki anayejua kushusha kipimajoto kwa waya hadi chini kabisa ni mpishi. Kila siku, akishagawa chai, alishusha, akasoma, akaandika kwenye daftari. Wakubwa walikwishakata tamaa, nami nilikuwa na barua za kuwaachisha kazi watu thelathini na wanne. Alikuja ofisini akanieleza polepole, kwa subira ya mama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, kwamba maji baridi ya kuchimbia huupoza mwamba, na kisima kipya huhitaji wiki nyingi kulirudisha joto lake. Daftari lilionyesha joto likipanda kidogo kidogo. Mimi sikuelewa. Bahati nzuri mhandisi mkuu alielewa.

Siku ya arobaini na tatu tangu uchimbaji umalizike, valvu ya kisima ikafunguliwa. Nilisimama karibu, barua kwapani, nikingoja ithibitike kuwa kisima kimekufa. Mvuke ulipotoka kwa kishindo nilitimua mbio hadi kwenye gari, kiatu kimoja nikakiacha nyuma. Barua zote zilipeperuka na hakuna aliyejisumbua kuziokota.

Wiki iliyofuata mhandisi alimhamishia kitengo cha upimaji bila kuniuliza. Akasoma masomo ya jioni, akapata cheti, kisha stashahada. Akawa fundi, akawa msimamizi, akawa mkuu wa kitengo, na visima vikafika ishirini na sita. Kwa muda huohuo mimi niliandika ripoti tatu kuhusu mustakabali wa ajira katika jotoardhi, nikitabiri kwamba tutahitaji wahandisi, basi. Leo tuna wachomeleaji, wakemia, madereva wa kreni, na walimu wa kuwafundisha wote hao. Ripoti zangu bado ni mpya kabisa, kwani hakuna aliyezifungua.

Mwezi uliopita Mama Geji aliomba nafasi moja ya mafunzo kitengoni kwake apewe mlinzi wa geti kuu, baba wa watoto watatu, ambaye kwa miaka mitano amekuwa akimsaidia kushusha vipimo baada ya zamu yake. Kwa umri wake, huu ulikuwa mwaka wa mwisho kuruhusiwa kuomba. Barua ya kumkatalia ilikuwa tayari mezani kwangu, imebaki kutiwa sahihi. Mama Geji akaingia, akaweka kando yake karatasi iliyokunjwa mara nne, imebonyea katikati. Kwa miaka ishirini na mitatu karatasi hiyo ilikuwa chini ya mguu mmoja wa meza yake kwenye kibanda cha vipimo, ili meza isiyumbe anapoandika.

"Soma zote mbili, kaka," alisema. "Halafu uniambie tofauti."

Tofauti ilikuwa jina na tarehe. Mengine yote yalikuwa yaleyale, neno kwa neno, na wala sikuwa nimenakili popote. Nilisikia aibu, na naisikia hata sasa ninapoandika. Kati yetu wawili, asiyeonyesha dalili za kukua ni mimi.

Ya mlinzi niliichana. Ya zamani aliikunja upya akaondoka nayo, akisema meza bado inaihitaji. Mlinzi anaanza mafunzo Jumatatu, kwenye meza hiyohiyo.

Mama Geji, asante kwa chai, kwa daftari na kwa kutuvumilia, hasa mimi. Wafanyakazi wote tunakuombea afya njema na mapumziko marefu yenye furaha. Usiwe na wasiwasi na meza. Nimepita leo kuikagua na haiyumbi. Katika utumishi wangu wote, hiyo ndiyo barua yangu pekee iliyowahi kumsaidia mtu kazini.