Nani Kamwandika Cori?

GARLAND: Haloo? … Haloo, nani mwenzangu?

TWYLA: Mimi.

GARLAND: Mimi nani? Hii namba siijui. Kama ni watu wa bima ya gari, jamani, leo Jumamosi, niacheni—

TWYLA: Twyla. Mama Cori. Nilibadili namba.

GARLAND: Ahaa. Tangu lini?

TWYLA: Tangu mwezi wa kumi. Umeamkaje?

GARLAND: Nitaamkaje na sijalala? Nimetoka zamu sasa hivi, hata viatu sijavua. Nyie je?

TWYLA: Tupo tu. Mama mkwe hakufumba jicho, kwa hiyo hakuna aliyelala.

GARLAND: Pole. Mama yake mumeo Lyle bado yuko kwenu?

TWYLA: Aende wapi, Garland, na upande mmoja wa mwili hauna kazi? Kumgeuza mimi, kumlisha mimi. Lyle naye kashatoka na lori, yuko njia ya Toledo huko.

GARLAND: Pole sana.

TWYLA: Nishapoa. Sasa nisikilize. Sikupiga kugombana.

GARLAND: Ukianza hivyo mimi najua—

TWYLA: Sikupiga kugombana! Fomu zangu za kodi zimekataliwa.

GARLAND: Zimekataliwa na nani?

TWYLA: Na serikali, na nani mwingine? Nimekwenda maktaba jana, nikakaa kwenye kompyuta mpaka mgongo ukauma, nikazituma. Sijafika nyumbani, ujumbe huo. Eti Cori keshaandikwa kwenye fomu za mtu mwingine.

GARLAND: Mtu gani?

TWYLA: Hawasemi. Lakini mtoto ana wazazi wawili, na mmoja ni mimi.

GARLAND: Ngoja, ngoja, unataka kusema—

TWYLA: Hakimu wa talaka alitugawia vizuri kabisa. Mwaka mmoja unamwandika wewe kama mtegemezi wako, upunguziwe kodi, mwaka mwingine namwandika mimi. Huu ni wangu. Ungeniambia tu una shida, Garland. Ungepiga simu kama mtu mzima.

GARLAND: Twyla, mimi fomu zangu bado hazijajazwa. Zipo juu ya friji, nazipita kila siku kama sizijui.

TWYLA: Mwongo.

GARLAND: Haki ya Mungu. Wewe unazikimbilia kwa sababu wewe unarudishiwa. Mimi mwaka huu ndiye nitakayewalipa.

TWYLA: Uliwaambia tena ofisini wakukate kodi kidogo kwenye mshahara?

GARLAND: [anaguna] Niliwaambia.

TWYLA: Hukomi.

GARLAND: Kodi ya nyumba inalipwa kila mwezi, mama. Mafuta nanunua kila wiki. Nilitaka hela yangu Ijumaa ile ile, nikiwa bado nanuka jasho lake. Sio kama wewe, unawaambia wakukate mpaka na cha chai, serikali inakaa nazo mwaka mzima bila faida hata senti, halafu mwezi wa pili wakikurudishia unawashukuru kama wamekupa zawadi!

TWYLA: Si afadhali zije? Zikipita mkononi mwangu zinaisha. Nepi za bibi, dawa za Lyle, kutengeneza boila ya maji. Huko serikalini ndiko mahali pekee ambapo hakuna mtu wa nyumba hii anaweza kunikopa.

GARLAND: [anacheka kidogo, anakohoa] Miaka yote ya ndoa tuligombania jambo hili hili.

TWYLA: Hili na mengine.

GARLAND: Na mengine, sawa. [mkwaruzo wa simu] …kufanyia nini mwaka huu?

TWYLA: Sikusikii.

GARLAND: Nasema, zikirudi ulitaka kufanyia nini?

TWYLA: Chumba cha chini ya nyumba. Nipige mbao ukutani, niweke kipasha joto, na zulia hata la mtumba. Kile chake si amelala bibi sasa. Nilitaka apate mahali pake. Arudi nyumbani.

GARLAND: Nani arudi?

TWYLA: Nani? Cori.

GARLAND: Arudi kutoka wapi?

TWYLA: Kutoka kwako.



TWYLA: Garland? Haloo? Umekatika?

GARLAND: Nipo.

TWYLA: Nilidhani mtandao.

GARLAND: Twyla, Cori hakai kwangu.

TWYLA: Usinitanie asubuhi hii. Nimechoka.

GARLAND: Kwangu kuna chumba kimoja na kochi. Alikaa wiki mbili tu mwezi wa nane, baada ya kumaliza shule. Mimi nalala mchana, yeye anatembea kwa ncha za vidole, anakula chakula baridi ili microwave isipige kelele. Nikamwambia, mwanangu, labda kwa mama yako kuna nafasi zaidi. Akasema sawa baba. Akasema amerudi kwako.

TWYLA: Hapana.

GARLAND: Aliniambia anamwangalia bibi usiku ili wewe ulale. Mimi nikajivunia, Twyla. Nikawaambia hata wenzangu kazini.

TWYLA: Mimi aliniambia umempa chumba chako, wewe unalala kwenye kochi. Anakuja hapa kila Jumatano kufua. Anasema mashine yako imeharibika.

GARLAND: Mashine yangu nzima kabisa.

TWYLA: Lini unamwona?

GARLAND: Jumapili. Anakuja kula, anaoga. Anaoga muda mrefu. Nikadhani ndivyo wasichana walivyo. Anasema kwenu bafu lina foleni.

TWYLA: Ee Mungu wangu. Kwetu hakuna foleni. Kwetu hakuna hata…

GARLAND: Tulia kwanza. Huenda yuko kwa rafiki yake yule, Jolene—

TWYLA: Kina Jolene walihamia Tennessee tangu kabla ya Krismasi! [anashusha sauti] Subiri, bibi ananiita. Nakuja mama! Nakuja, dakika moja!

GARLAND: Mpenzi je? Ana mtu?

TWYLA: Angekuwa na mtu ningejua.

GARLAND: Ungejua? Sisi hata pa kulala hatukujua.

TWYLA: Hilo limeniingia, Garland.

GARLAND: Sikukusudia wewe peke yako. Nimesema sisi.

TWYLA: Mpigie. Wewe hukuwahi kumpigia kelele, atapokea yako.

GARLAND: Simu yake huzimwa mpaka aingie kazini. Anasema anaokoa chaji. Anaokoa chaji! Nilisikia hivyo, nikala chakula changu.

TWYLA: Sasa nani kamwandika kwenye fomu?

GARLAND: Hakuna aliyemwandika.

TWYLA: Mbona wanasema—

GARLAND: Kajiandika mwenyewe, Twyla. Jumapili iliyopita alinipa stakabadhi zake za mshahara wa kule dukani, nikamwonyesha namna ya kujaza. Kuna swali pale, je, kuna mtu anayeweza kukuandika kama mtegemezi wake? Akaniuliza nijibu nini, baba. Nikadhani anauliza tu kujifunza. Mechi ilikuwa inaendelea. Nikamwambia, jibu ukweli tu.

TWYLA: Na yeye?

GARLAND: Akaniangalia kidogo. Halafu akaweka alama yake, sasa najua ni kwenye hapana.

[mkwaruzo]

GARLAND: Twyla?

TWYLA: Nipo. Alikuomba chochote hivi karibuni? Mimi aliniomba ile mito miwili ya zamani. Nikampa. Nikafurahi kupunguza vitu.

GARLAND: Mwezi wa kumi na moja aliniomba lile begi langu la kulalia, la kwendea kuwinda. Akasema wanakwenda kupiga kambi na wenzake.

TWYLA: Mwezi wa kumi na moja? Na baridi ya Ohio?

GARLAND: Usinimalize. Najimaliza mwenyewe.

TWYLA: Garland, ana lile gari la Buick ulilompa.

GARLAND: Nimeshafikiria.

TWYLA: Jana redio ilisema kutakuwa na—

GARLAND: Nimeshafikiria, nimeshavaa koti. Ninashuka ngazi. Usikate simu.

TWYLA: Unakwenda wapi?

GARLAND: Kule dukani kwao, duka la vyakula vya mifugo. Zamu yake inaanza saa tatu. Kama analala garini, hatalala mbali na kazi, mafuta anayahesabu. [mlango wa gari, injini inakohoa] Waka, mama. Waka, waka, nakuomba leo tu… Haya.

TWYLA: Nami nakuja.

GARLAND: Na bibi umwache na nani?

TWYLA: [anapumua] Siwezi kumwacha.

GARLAND: Basi kaa naye. Kaa na mimi pia. Nimeweka sauti kubwa, simu iko kwenye kiti.

TWYLA: Endesha polepole, barabara ina barafu.

GARLAND: Naendesha.

TWYLA: Siku ile aliyochukua nguo zake, nilikuwa namgeuza bibi. Alisimama mlangoni na mfuko wake. Akasema, mama, nakwenda kwa baba, utakuwa na nafasi zaidi. Sikugeuka, mikono yangu ilikuwa michafu. Nikasema sawa mpenzi, msalimie. Nilihisi nafuu, Garland. Mtu mmoja amepungua wa kupikia. Nilihisi nafuu kabisa.

GARLAND: [mkwaruzo] …maghala ya mahindi hapa, nakusikia vipande vipande.

TWYLA: Si kitu.

GARLAND: Nimesikia.

TWYLA: Haya.

GARLAND: Mimi ilikuwa hivyo hivyo. Ile asubuhi ya kwanza kochi liko tupu, nililala kama mfu. [breki zinalia] Nimefika. Uwanja wa mbele hakuna kitu, lori la maziwa tu.

TWYLA: Zunguka nyuma.

GARLAND: Nazunguka. Magunia, magunia… trela… Naiona.

TWYLA: Nini?

GARLAND: Buick. Iko ukutani, pale panapotoka hewa ya moto ya jengo. Kaichagulia mahali pazuri. Mjanja huyu mtoto.

TWYLA: Yumo?

GARLAND: Kaweka mataulo madirishani. Yenye maua.

TWYLA: Hayo ni yangu. Garland, yumo?!

GARLAND: Vioo vina barafu, sioni. Ngoja nishuke na simu. [hatua kwenye theluji] Twyla, barafu iko kwa ndani. Kuna mtu anapumua humo.

TWYLA: Gonga!

GARLAND: Nagonga. Cori? Cori, ni baba. Usiogope, ni baba. Fungua, mwanangu… [mlango unalia] Ndiyo, mimi. Najua. Najua. Hapana, hujafanya kosa lolote. Njoo. Mikono yako hiyo, jamani… Vaa hili. Vaa, mimi sina baridi.

TWYLA: Mzima? Garland, niambie ni mzima!

GARLAND: Mzima. Ana kofia mbili kichwani. Kaniuliza nimejuaje, nikamwambia ni zile fomu zako. Ongea naye.

CORI: Mama?

TWYLA: Mpenzi wangu.

CORI: Mama, usilie.

TWYLA: Silii. Ni mtandao.

CORI: Baba anasema fomu zako zimekataliwa kwa ajili yangu. Sikujua, mama. Wallahi sikujua kama itagusa zako. Nilitaka nipate ile hela kidogo waliyonikata, nilipie amana ya chumba. Wiki mbili tatu tu ningekuwa nimehama. Msingejua kitu.

TWYLA: Cori.

CORI: Nitarekebisha. Kuna fomu ya kurekebisha, niliisoma. Nitaandika kwamba nilikosea, halafu wewe unatuma zako upya, wanakurudishia kama kawaida.

TWYLA: Usirekebishe.

CORI: Lakini unazingoja mwaka mzima, mama. Nakujua.

TWYLA: Uliulizwa ukajibu. Ulichojibu ni kweli. Nitatuma zangu upya bila jina lako, watakachonipa watanipa.

CORI: Umekasirika?

TWYLA: Hapana. Nimechoka tu, na siyo na wewe. Sikiliza. Leo ukitoka kazini unakuja hapa.

CORI: Chumbani kwangu yuko bibi.

TWYLA: Najua yuko nani. Utalala na mimi kitandani, Lyle akirudi atajua pa kujinyoosha. Ni mtu mzima, ana mablanketi.

CORI: Nitawabana.

TWYLA: Tubane.

CORI: Mama…

TWYLA: Nasema tubane. Tusukume ukutani. Washa TV kwa sauti. Maliza maji ya moto. Umesikia?

CORI: [sauti ndogo] Nimesikia.

TWYLA: Umekula?

CORI: Nina biskuti garini.

TWYLA: Mpe baba yako simu.

GARLAND: Nipo. Nampeleka akanywe supu, kuna mkahawa hapa mbele. Zamu bado muda kidogo.

TWYLA: Asipewe supu tu. Mayai, viazi, kila kitu.

GARLAND: Sawa.

TWYLA: Una hela?

GARLAND: Jana ilikuwa Ijumaa, Twyla. Ninazo.

TWYLA: [anacheka, sauti inakatika] Haya. Mimi ninazo za serikali, wewe una za mkononi.

GARLAND: Na kochi langu pia lipo. Mwambie. Siwezi kumwambia mimi, kanishika mkono hivi, nitaharibikiwa.

TWYLA: Mwambie mwenyewe, baba Cori. Kwa mdomo wako.

GARLAND: Chaji inakwisha, imebaki nyekundu—

TWYLA: Haya nendeni. Zimeni hiyo Buick—

GARLAND: Haijawashwa, Twyla, haikuwa na mafuta.

TWYLA: Nendeni mkale. Nakuja mama, nakuja! Garland, yale mataulo myachukue, msiyaache madirishani, nitayafua mimi Juma— hapana, leo. Leo hii hii. Garland? Haloo? … Haloo?