Mimba Iliuficha Ugonjwa Wangu, Mungu Akaufichua

Asifiwe Bwana, ndugu zangu! Leo mwaniona nimekaa benchi la mbele na najua wengine mmeshangaa. Mlinizoea kule nyuma kabisa, ubavuni mwa mlango. Dada mmoja aliwahi kunitania kwamba Sidi hukaa pale ili akisikia wimbo wa sadaka atoroke. Tulicheka sote. Lakini ukweli ni kwamba nilikaa pale kwa sababu choo kiko upande ule.

Utumbo wangu umekuwa mgonjwa kwa miaka mingi. Nilitibiwa amiba, nikatibiwa taifodi, hadi nikachoka. Mama yangu, yule pale aliyejitanda leso ya njano, alisema ni mchango, lile tumbo la wanawake tunalolijua sisi watu wa Pwani, akanichemshia mizizi sufuria kwa sufuria. Nilikunywa yote, na machungu yake siyasahau. Mwisho nikapelekwa hospitali kubwa kule mjini kisiwani, wakanipitisha kamera. Wakaniambia kinga ya mwili wangu inaupiga vita utumbo wangu wenyewe, unavimba na kuota vidonda. Ugonjwa huo hauna kupona kabisa, ila una dawa. Nikazimeza, nikapata nafuu, nikarudi Changamwe kiwandani kwangu kushona mashati.

Ndugu zangu, ugonjwa wa choo ni fedheha! Mtu akiugua malaria huwaambia majirani wote. Mimi nilikuwa nawaambia watu naumwa na kichwa.

Kisha nikashika mimba. Mbili za kwanza zilikuwa zimetoka, mnajua, mlilia nami. Kwa hii ya tatu Mutua, mume wangu, alianza kunyata nyumbani kama mwizi, eti asiishtue. Nami niliogopa hata kupiga chafya. Nilikuwa namtaka mtoto huyu kuliko kitu chochote duniani, na Mungu anajua.

Tumbo lilipoanza kuonekana vizuri, maumivu yakarudi, upande wa kulia chini. Nikaharisha, nikaona damu. Kila niliyemweleza alikuwa na jibu lile lile. Kutapika, ni mimba. Kuharisha, ni mimba. Kukonda, ah, mtoto ni mlafi huyo, atakuwa mnene! Kliniki walisikiliza moyo wa mtoto, wakasema mtoto yuko sawa, nikarudi nyumbani nimejipinda. Ninyi kina mama wa kanisa mlikuja kwangu Mikindani, mkaniwekea mikono tumboni, mkamwombea mtoto mpaka majirani wakatoka nje kutazama kuna nini. Nawashukuru kwa moyo wote. Lakini niwaambie kwa upendo: siku ile mlimwombea mtoto tu. Mimi niliyembeba hakuna aliyenitaja.

Na habari ya kupigwa picha hakuna aliyetaka kuisikia. Zahanati moja nilikwenda, mlangoni kwa eksirei pamebandikwa onyo kwa wajawazito, nikarudi nilikotoka. Wanawake wa ploti yetu wakaniambia picha humkaushia mtu mtoto tumboni. Basi nikakata shauri nivumilie mpaka nijifungue.

Sikufika mbali. Siku moja homa ilinipanda kazini, nikatapika hadi nikalegea, wenzangu wakamwita Mutua. Tulipofika kule kisiwani, daktari wa upasuaji alinibonyeza ule upande wa kulia, nikaruka. Akasema huenda ni kidole-tumbo, huenda utumbo umetoboka, na kama hataweza kujua ni kipi itabidi anipasue aone. Nikamuuliza, na mtoto je? Akasema atajitahidi. Ndugu zangu, nililielewa lile neno. Nililia pale kitandani, nikamwambia Mungu, hata huyu wa tatu?

Lakini Bwana hakuniacha! Daktari yule alisema kabla ya kisu nipigwe picha kwanza, tena si ya mionzi, ni altrasaundi, ambayo hutumia sauti tu, ile ile wanayomtazamia mtoto. Nikapelekwa mimi na mama yangu, aliyekuwa ametufuata hospitali.

Daktari wa picha alikuwa mwanamke wa makamo, Mwislamu, amejifunga hijabu nyeusi, mpole wa maneno. Alimwamkia mama yangu shikamoo kabla ya kugusa mashine. Akanipaka ule ute wa baridi, akasema bismillahi. Mimi moyoni nikasema kwa jina la Yesu. Tukaanza hivyo, kila mtu na dua yake.

Alimtazama mtoto, akatuonyesha moyo unavyopiga. Mama akashusha pumzi. Kisha daktari akakiondoa kile kifaa kwa mtoto, akakisogeza pembeni, chini kulia, akawa anabonyeza polepole. Mama yangu hakuvumilia. Alinyoosha kidole akamwambia, "Daktari, mtoto yuko huku."

Yule daktari hakukasirika. Alisema, "Huyo nimemwona, mama, hajambo. Sasa namtafuta mtoto wako wewe."

Ndugu zangu, mama yangu aliketi kitini. Alinitazama kama mtu aliyeonyeshwa kitu kilichokuwa mbele yake siku zote. Kisha akaanza kulia, akanishika mguu, hakuuachilia mpaka kazi ikaisha. Nami nilijisikia nimeitwa kwa jina langu.

Daktari alinigeuzia kioo. Mimi niliona ukungu wa kijivu tu, lakini yeye aliusoma kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. Alinieleza kwamba ukuta wa utumbo wenye afya ni mwembamba, na huu wangu pale panapouma umekuwa mnene, damu imejaa, na alipobonyeza kitufe ikawaka nyekundu kwenye kioo. Akasema si kidole-tumbo, ni ugonjwa wangu ule ule umeamka. Ila kuna sehemu tumbo la uzazi lilikuwa limeifunika, na yeye si mtu wa kubahatisha. Akaomba niingizwe kwenye ile mashine ya sumaku, nayo haina mionzi, tena bila ile dawa ya mshipani ya kung'arisha picha, kwa ajili ya mtoto.

Humo ndani kuna kelele, jamani! Ni kama mafundi wote wa mabati wa Changamwe wamekuja kukugongea kichwani. Niliomba kwa sauti na hakuna aliyenisikia ila Mungu. Majibu yakatoka: hakuna usaha, hakuna tundu. Daktari wa upasuaji alikuja mwenyewe kitandani kunipa mkono, akasema kisu hakitahitajika. Haleluya! Nikabadilishiwa dawa, zile ambazo mjamzito aweza kutumia, na siku baada ya siku tumbo likatulia.

Mpaka leo nastaajabu. Nastaajabia Mungu aliyeiumba sauti, ikaweza kupita ubavuni mwa mtoto bila kumdhuru, ikanifikia mimi. Nastaajabia watu aliowapa subira ya kujifunza kuisoma. Yule mama wa hijabu namwombea kila asubuhi, na najua Bwana hakukosea alipomchagua yeye.

Nilijifungua salama, msichana mzima, mwenye sauti ambayo mmeisikia tangu ibada ianze. Siku ya kwanza ya kunitembelea katika wadi ya wazazi, watu waliingia moja kwa moja kwa mtoto, ndivyo ilivyo, mtoto ni mtamu. Mama yangu aliingia akampita mjukuu wake. Alikuja kitandani kwangu, akaweka mkono tumboni mwangu upande wa kulia, akauliza, "Na wewe mwanangu, waonaje?" Niliushika mkono wake, nikalia.

Sijapona kabisa, ndugu zangu, dawa bado nameza. Lakini nilikuwa nimefichika na Bwana akaniona, akaniokoa na kisu, akaniachia mtoto. Utukufu ni wake! Mtegemeeni, na msiwaogope wale anaowatuma. Na wewe dada uliyekaa hapa na mimba yako, unaumwa na kila mtu anakwambia ni kawaida, njoo kwangu baada ya ibada. Nitakusindikiza hospitali hadi mlangoni kwa daktari, na nitakaa nje nikiomba. Mtoto nitamwombea. Lakini nitaanza na wewe.