Bastola ya Kifaru na Mishono Tisa

Benchi ni langu. Nililiweka hapa kwa ajili ya wateja wanaosubiri viatu vyao, lakini wateja hawalikalii. Wanalikalia watu wasio na kiatu cha kushona wala pa kuwahi, na kila asubuhi Shangazi, muuza kahawa wetu, akishatua birika lake kando ya sanduku langu la misumari, basi bunge limefunguliwa. Yupo Kanali, aliyewahi kupika kambini miezi minane na kwa sababu hiyo anajua vita vyote. Yupo Injinia, fundi redio. Ukimpelekea redio inayokoroma anakurudishia iliyokufa. Na yupo Kifaru, mlinzi wa ghala la dawa lililo ng'ambo ya barabara, ambaye mlango wake anaulinda kwa macho akiwa kwangu, kikombe mkononi, bastola kiunoni. Bastola yenyewe ni rivolva, ile ya tumbo la kuzunguka, risasi sita. Mwaka jana alisinzia kitini, kifungo cha ala, ule mfuko wa bastola wa kiunoni, kikang'oka, bastola ikadondoka sakafuni mbele ya wateja, na bosi wake akafoka mpaka sisi huku tukasikia. Akaniletea ile ala ya ngozi nikaishona mwenyewe. Tangu siku hiyo bastola haijadondoka.

Asubuhi hiyo Kifaru alikuja na barua mkononi na hakuomba hata kahawa.

Kifaru: Kampuni inaleta bastola mpya, za magazini, zile zinazojazwa risasi kumi na tano kwenye mpini. Sisi wazee wa rivolva tunapimwa na mkaguzi leo saa sita. Anayeshindwa anakwenda nyumbani. Nimebakiza miaka miwili nistaafu kwa heshima zangu, jamani. Nipeni maneno ya kumwambia huyo mkaguzi.

Kanali: Maneno yapo tele. Mwambie rivolva haikwami. Risasi moja ikigoma, unavuta tena, tumbo linazunguka, inakuja nyingine. Hiyo ya magazini ikigoma, umekwisha. Utabaki unaipigapiga kama chupa ya sosi.

Injinia: Huyo anazungumzia mambo ya babu yake. Sita kwa kumi na tano, mwanangu. Hesabu ya darasa la pili.

Kanali: Haba na haba hujaza kibaba.

Injinia: Sasa kibaba kinaingiaje hapo? Majambazi wakija saba utamwambia wa saba asubiri?

Kanali: Wa saba atakuwa ameshakimbia. Wewe umewahi kuona jambazi wa saba?

Nilikuwa na kiatu cha kisigino mkononi, sikutaka kuingilia. Watu wawili ambao hawajawahi kuua hata panya kwa mtego walikuwa wanagawana maiti saba kabla sijamaliza kubandika soli.

Shangazi: Kanali, hiyo bunduki uliishika lini? Si ulikuwa unakoroga maharage?

Kanali: Jiko ndilo roho ya jeshi, Shangazi. Maofisa wote walipita kwangu, wakila wakizungumza. Mwenye rivolva alikuwa anakula taratibu, ametulia. Mwenye bastola ya magazini anakula huku anaangalia nyuma. Kwa nini? Anajua spring ya magazini imechoka.

Injinia: Hapo kwenye spring umesema kweli kwa bahati mbaya. Spring ukiibana miaka inakufa. Mimi nimezitoa nyingi.

Kanali: Kwenye bastola?

Injinia: Kwenye redio. Spring ni spring.

Kifaru alikuwa anasogeza midomo kimyakimya, anakariri. Niliona anahesabu hoja kwenye vidole: haikwami, spring haichoki, unakula umetulia. Mtu mzima wa miaka hamsini na nane anaweka riziki yake kwenye mdomo wa mpishi.

Kifaru: Na kwa upande wa mwizi? Nimwambieje kuhusu mwizi?

Kanali: Hapo ndipo penyewe. Ile ya kisasa ukimwelekezea mwizi anaona tundu moja jeusi. Rivolva anaziona risasi zenyewe zimemkodolea macho kutoka kwenye tumbo. Moyo unasimama. Hupotezi hata baruti.

Injinia: Usiku je?

Kanali: Usiku anazinusa.

Injinia: Sikiliza, Kifaru. Mimi nilikuwa nabishana naye tu ili akili ichemke, ila siri yenyewe ni hii. Hizo mpya zina kidude ndani. Bosi akikukasirikia anakaa ofisini kwake, anabonyeza, bastola inazimika kama simu. Utakuwa umesimama mbele ya jambazi na jiwe la plastiki.

Shangazi: Nani kakuambia?

Injinia: Fundi haulizwi.

Kanali: Tena zile zinatema maganda. Ganda la moto linaruka, linaingia kwenye ukosi. Kuna mlinzi mmoja aliingiwa nalo akacheza ngoma mpaka majambazi wakampigia makofi. Rivolva inabaki na maganda yake tumboni. Ina adabu. Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Shangazi: Kwa hiyo bunduki yenu ndiyo zimwi.

Kifaru: Shangazi, niache. Mimi nataka hoja, hutaki kunisaidia basi nimiminie kahawa.

Nikaona na mimi niseme kitu. Kiburi cha fundi ni kibaya, na mimi ninacho.

Mimi: Mwambie bastola yako ina usalama kuliko zao zote. Mwizi akitaka kukupokonya, ataivuta mpaka mkono uchomoke. Ngozi ya mgongo wa ng'ombe, uzi wa nta, mshono mara mbili. Hizo mpya zinakaa kwenye ala za plastiki, anazichomoa hata mtoto.

Kanali: Umeona? Hata fundi viatu ana akili leo.

Kifaru akapiga kiuno chake kwa kiganja, akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike. Hapo ndipo alipopita dada mmoja mwenye viatu vya chini na faili kwapani. Akatusalimia, akaomba kahawa, akakaa ncha ya benchi. Nikadhani hatimaye nimepata mteja. Kanali naye akadhani amepata msikilizaji, maana wote huwa tunaonekana werevu mbele ya mtu asiyetujua.

Kanali: Mgeni njoo mwenyeji apone. Dada, tuamulie. Mlinzi mwenye rivolva na mwenye bastola ya magazini, wakivamiwa, nani mwepesi?

Dada alikuwa anatazama kiuno cha Kifaru. Akanywa kahawa kidogo, akakitazama tena, akainama kama mtu anayesoma maandishi madogo.

Dada: Samahani, mzee wangu. Hiyo inatolewaje?

Injinia aligeuka kutazama barabara. Kanali alikuta kuna kitu cha muhimu sana ndani ya kikombe chake. Shangazi akasema kahawa imeisha, na birika lilikuwa bado linafuka.

Mimi nilikuwa najua. Kifungo kilipong'oka Kifaru aliniambia, "Shona, isidondoke tena mpaka tupate kifungo." Nikashona kifuniko chote cha ala, bastola ikiwa ndani, mishono tisa. Kifungo hatukupata. Mwezi ukapita, kisha mwaka. Mlinzi wa usiku na wa mchana wanapokezana mkanda mzima mzima, wanaandika kwenye daftari "bastola moja, ndani ya ala," wanatia sahihi. Ni kweli ilikuwa ndani. Mwaka mzima nimewacheka Kanali na maharage yake na Injinia na redio zake, na aliyeipokonya ile bastola nguvu zote ni mimi, kwa sindano. Niliona aibu.

Dada akafungua faili. Juu kulikuwa na nembo ileile ya kwenye barua ya Kifaru.

Dada: Mimi ndiye mkaguzi. Nimekuja mapema kidogo. Niliambiwa ghalani kwamba mlinzi nitamkuta huku.

Kifaru hakusema habari ya spring wala ya maganda. Alifungua mkanda, akaulaza juu ya sanduku langu pole pole.

Kifaru: Fundi. Fumua.

Dada akaugeuza mkanda mtutu uelekee ukutani, akatuambia tusogee. Nikachukua kisu changu kidogo. Uzi wa nta ukikaa mwaka unakuwa mgumu kama waya, na mshono mara mbili haufumuki kwa haraka, niliufanya hivyo makusudi. Mshono wa kwanza ukatoka, wa pili ukatoka. Kifaru alikuwa amesimama wima, mikono ubavuni, kama anavyosimama bosi akipita. Dada alikuwa anatazama saa, anapima bastola itachukua muda gani kutoka.

Nilipofika mshono wa tano, Dada alifunga faili lake.