Mzee Mwero na Meza ya Kumwaga Mifuko

Kabla ya yote, salamu. Namsalimu Mama Jumwa, mke wa Mzee, aliye Taru akimngoja mumewe. Namsalimu Japheth mwanawe, na mjukuu Mapenzi aliyeanza shule mwaka huu, natumaini kikohozi kimekwisha. Nawasalimu na mbuzi, maana Mzee huwataja kwa majina kama watu. Sisi huku Kinondo hatujambo. Baba Rama hajambo, ila mguu unamsumbua kidogo. Hanifa binti yangu hajambo. Ramadhani mwanangu hajambo, na huyu nitamrudia, kwa sababu ni Mzee aliyefanya leo niweze kusema hajambo.

Mzee Mwero Tembo ametumikia kituo chetu cha tiba asili miaka thelathini na mmoja. Tarehe thelathini mwezi huu wa Juni anastaafu, anarudi kwao. Wenzangu wamenipa mimi kuandika kwa sababu nimemchemshia dawa miaka kumi na tisa, wakasema nani amjuaye kuliko mwenye sufuria. Nimekubali kwa furaha, ingawa kuna jambo limenikaa moyoni. Mwezi wa pili Dama, msaidizi wake, alimpima Mzee presha, ikawa juu. Hospitali wakampa vidonge. Tangu hapo hatukujua kama anavimeza. Ukimuuliza anajibu, "Naendelea vizuri, Mama Rama," halafu anakuuliza wewe leo umekunywa maji kiasi gani.

Alipoanza, kituo kilikuwa chumba kimoja cha makuti na rafu moja. Watu walikuja na homa, minyoo, upele na vidonda vya miguu. Mzee alichimba mizizi mwenyewe, akaianika, akaitwanga. Kisha watu wakabadilika. Vijana walioajiriwa hoteli za Diani wakawa wanalala mchana na kula chipsi. Sukari ikaingia, presha ikaingia, na watu wasiopata usingizi kabisa. Mzee hakung'ang'ania chupa zake za zamani. Alinunua mashine ya presha. Akaenda semina kuketi na wauguzi, yeye peke yake mwenye mvi, akaandika yote kwenye daftari la shule lenye picha ya twiga. Akawa anatoa dawa kidogo na maneno mengi.

Chirau, muuza mahamri wa hapo nje, alifuata dawa ya sukari akatoka na amri ya kunywa chai ya mkandaa, isiyo na maziwa wala sukari, na kutembea mpaka Galu na kurudi kila siku.

"Mzee, nimekuja kutibiwa au kufungwa?"

"Jela kuna chakula cha bure, bwana. Wewe nenda katembee."

Leo Chirau suruali anaishika kwa mkono, na mahamri anauza bila kuonja.

Sasa habari ya meza. Miaka saba iliyopita Ramadhani, anayefua mashuka hotelini, aliambiwa ana sukari. Hospitali walimpa vidonge. Mimi kwa hofu nikaona havitoshi. Nikachota dawa chungu kwenye sufuria ya kituo, nikaichemsha tena nyumbani iwe kali, nikampa anywe juu ya vidonge. Hospitali hatukusema, tuliogopa kugombezwa. Kwa Mzee hatukusema, tulidhani atanuna akisikia vidonge. Wengi tulikuwa hivyo hapa, huyu tunamficha na yule tunamficha. Siku ya nne Rama akalegea kati ya mashuka, anatetemeka, jasho linamtiririka. Wenzake walipiga simu kituoni, nami nikamwambia Mzee yote, hata chupa aliyobeba Rama. Mzee alifika kwa bodaboda kabla yangu, akamnywesha maji ya sukari, akampeleka hospitali mwenyewe na chupa yangu mkononi. Akaiweka mbele ya daktari.

"Hii imetoka kwangu," akasema. "Na wewe niambie umempa nini, tusimuue kijana wa watu."

Mimi hakunigombeza hata neno moja. Kesho yake alileta meza ya chumbani kwake, akaiweka mlangoni. Tangu siku ile hakuna apataye dawa kabla hajamwaga mfuko juu yake: vidonge, mizizi, chupa za jirani, vyote. Bibi mmoja wa Kombani alimwaga vidonge vya aina kumi na moja, na vitatu vilikuwa vya marehemu mumewe. Alisema ni vibaya kuvitupa. Watu walicheka, naye akacheka. Mzee aliviandika vyote, akampa karatasi ampelekee daktari. Siku hizi hospitali nao hutupigia simu kuuliza mtu wao amekunywa nini kwetu. Zamani nani angeota jambo hilo?

Meza anaachiwa Dama. Nilikuwa na wasiwasi naye, ni mpole mno. Wiki jana kichwa kiliniuma, nikaingia jikoni kujichotea.

"Mama Rama, rudi mezani," Dama akasema. "Mwaga mfuko."

"Mimi, mwenye sufuria?"

"Wewe ndiye wa kwanza, mama."

Mzee alikuwa pembeni anafunga kamba ya kiatu. Aliifunga mara mbili.

Kumbe binti hakuwa amemaliza. Jana asubuhi Mzee alipokuwa akifungasha vitu vyake, Dama alisimama nyuma ya meza. "Shikamoo, Mzee. Mwaga na wewe." Mzee akacheka, akatafuta miwani iliyokuwa usoni pake, mwisho akamwaga. Ikatoka tochi, likatoka daftari la twiga, ikatoka pakiti ya vidonge vya presha. Vilikuwa vimepungua viwili tu.

"Haya," akasema Mzee, "nimeshikwa."

Dama alimpeleka hospitali saa ile ile, wakampima na kumpangia upya. Mzee ameniruhusu kuyaandika haya, sharti niseme alikwenda kwa miguu yake.

Mzee wetu, asante kwa mwanangu, na kwa watoto wa wengine. Mungu akupe uzee wa raha, mvua huko Taru, na mbuzi wasioingia shamba la jirani. Mama Jumwa, mfuko wake nakukabidhi wewe. Na ukifika, Mzee, usingoje hata siku moja. Tuma neno upesi utuambie presha ni ngapi, namba zote mbili, ya juu na ya chini. Ikija moja tutajua umeficha nyingine, na mimi na Dama tutakuja Taru na meza.

Mama Ramadhani, jikoni